Kabla ya kujaza fomu ya ruzuku, panda basi la Kongwa

Wadogo zangu mnaoanza uandishi hapa Dodoma, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni mtatumwa bungeni. Ni kikao cha bajeti, wahariri wanakitaka, na ukiwa unalipwa kwa stori huwezi kukiacha. Lakini wakati huo kila mwandishi mjini anaandika hotuba ileile. Chemba hakuna mtu, Mpwapwa hakuna mtu, na chumba cha habari hakina fungu la kumweka mwandishi kijijini siku nne. Ruzuku zipo kwa ajili ya pengo hilo, na nawaambia mapema kwa sababu mimi nilichelewa miaka mingi kuzijua.

Nitazitaja kwa haraka. International Women's Media Foundation ya Marekani ina mfuko wa Howard G. Buffett kwa waandishi wanawake, ulioanzishwa mwaka 2015. Pulitzer Center, iliyoanza 2006, hugharamia habari zisizoandikwa vya kutosha, na hupokea maombi ya wanawake na wanaume. Nyumbani kuna Tanzania Media Foundation. Kuna pia TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa 1987, ambako utapata dada wa kukusomea andiko kabla hujalituma. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma tangazo lenyewe, si lile lililokatwa na kusambazwa kwenye kundi la WhatsApp.

Andiko langu la kwanza niliandika "Changamoto za afya ya macho kwa wanawake wa vijijini". Likakataliwa, na walikuwa sahihi. Ile ni mada. Habari ina mtu, ina mahali, na ina swali ambalo hakuna aliyelijibu.

Nikapanda basi kwa nauli yangu, nikashuka Mbande, nikaingia Kongwa. Trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, imechunguzwa na wataalamu wilayani humo tangu miaka ya 1980, na nilidhani hakuna jipya lililobaki. Bibi mmoja aliitikia "mbukwenyi" yangu ya kubabaisha, salamu ya Kigogo, akanipa kigoda. Kwenye pindo la khanga alikuwa amefunga kibanio kidogo cha chuma. Kope zake zilikuwa zimegeukia ndani, kila akipepesa zinamkwaruza jicho, naye alizing'oa moja moja. Vimelea vya trakoma husambaa kwa mikono, vitambaa na nzi, watoto wadogo ndio huvibeba zaidi, na anayeshinda na watoto ni mwanamke. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofushwa na ugonjwa huu hadi mara 4 zaidi ya wanaume. Upasuaji wa kurekebisha ukope upo, na ni mfupi. Nikamuuliza kwa nini hakwenda. Akasema: "Jicho likifungwa, maji atachota nani? Na hawa wajukuu?"

Andiko la pili lilianza na kibanio kile, na swali lake likawa maji na malezi, si hospitali. Lilipita.

Kwa hiyo ile safari ya kwanza, ya siku moja, itafute nauli hata kwa kuuza stori mbili za Bunge. Msomaji wa maombi hugundua upesi nani amefika na nani amekaa mjini akibuni.

Bajeti ndiyo huwaangusha wengi wetu. Tunaandika kiasi kidogo tukidhani tutahurumiwa, kisha tunakwama katikati ya kazi. Andika kila kitu: basi, bodaboda kwa siku, chumba cha wageni, vocha, mkalimani wa Kigogo au Kisandawe (mwanamke, kama unahoji wanawake), na siku ya kurudi kuhakiki. Kama una mtoto mchanga, uliza kama gharama ya mlezi inakubalika; hakuna aibu katika swali hilo. Dereva wa bodaboda hana risiti, kwa hiyo nunua kitabu cha stakabadhi, mwandikie, atie sahihi na namba ya simu. Na usichanganye fedha za mradi na za nyumbani. Nimeona mwenzangu hodari akishindwa kupewa awamu ya pili kwa sababu hiyo tu.

Pata barua ya mhariri anayekubali kuchapisha kabla hujaomba. Mhariri wangu wa wakati huo aliniahidi kwa mdomo, akahama, nikabaki na habari mkononi. Kitambulisho chako cha uandishi kiwe hai. Ukiwa na barua ya utambulisho, anzia wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata, wa kijiji, ndipo nyumbani kwa watu. Ukiruka mmoja unaweza kupoteza siku nzima ukisubiri chini ya mbuyu.

Na yule bibi hakikisha anaelewa picha yake itaonwa wapi. Mweleze kwa lugha yake, mpe nafasi ya kukataa, hata kama ndiyo picha nzuri kuliko zote ulizopiga.

Panga ratiba kwa mvua. Sisi wa kati tuna msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Makorongo hujaa, bodaboda hazipiti, na watu wako shambani. Kikao cha bajeti kikifungwa Juni, barabara za Kongwa zimekauka na mavuno yako nyumbani. Mkiwa na fedha mkononi Julai, mtakuta watu wana muda wa kukaa na kuongea.