Vifaa saidizi: maswali ya wanafunzi na walimu wao

Nasomea viungo bandia, mwaka wa pili. Mama mmoja tuliyemtengenezea mguu huuvua mara tu afikapo nyumbani. Tumshauri nini?

Kwanza muulizeni viatu anavua wapi. Katika nyumba zetu nyingi viatu huishia mlangoni, na nyayo bandia nyingi hupangwa kwa kimo cha kisigino cha kiatu. Akikanyaga peku mwili huelemea nyuma na goti linateseka. Bado kuna choo cha kuchuchumaa, mkeka, jiko la mafiga, na kama ni Mwislamu, sijida. Huenda mama huyo si mkaidi hata kidogo; mguu wenyewe haukutengenezwa kwa maisha yake.

Wahindi walilishughulikia jambo hili mapema. Mwaka 1968, mjini Jaipur, fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi walibuni unyayo wa mpira unaomruhusu mtu kutembea peku, kuchuchumaa na kukunja miguu akiketi chini. Walianza na namna watu wanavyoishi, ndipo wakatafuta mpira. Rudini kwa mama, mkamtembelee nyumbani kwake.

Mimi ni mwanafunzi wa kiume. Naona haya kumpima paja mama wa umri wa bibi yangu.

Haya hiyo ni heshima, usiifukuze. Mwamkie shikamoo, mweleze utagusa wapi na kwa nini, kisha usubiri akubali. Awepo mwanamke chumbani, na khanga ifunike kila sehemu usiyoipima. Akikataa, apimwe na mwenzako wa kike.

Mtaala wetu umejaa. Somo hili la mazingira na mila nilipachike wapi?

Halihitaji kipindi kipya. Zoezi la kupima kiti mwendo lihamishieni nyumbani kwa mtumiaji: upana wa mlango, kizingiti, njia ya kisimani, mchanga au tope. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 kuhusu viti mwendo katika maeneo yenye rasilimali chache unataka mtu atathminiwe kabla ya kuchaguliwa kiti, na afuatiliwe baada ya kukipata.

Na watumiaji wa vifaa waje wenyewe kufundisha darasani. Walipwe kama mkufunzi mwingine yeyote wa kualikwa. Kumpa mtu soda na nauli, kisha kumsimamisha mbele ya darasa aangaliwe, ni kumdhalilisha.

Shule yetu haina fedha. Kiti cha mtoto mwenye mtindio wa ubongo chaweza kutengenezwa kwa maboksi?

Naam. Ufundi huo ulikuzwa Zimbabwe: matabaka ya maboksi na karatasi hugandishwa kwa gundi ya unga, yakikauka hubeba uzito. Vipimo vichukuliwe na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa kuwa kiti kisichomkaa kinaweza kumpinda mtoto mgongo. Kisinyeshewe.

Tunaunda programu ya simu ya lugha ya alama. Tumepata video nyingi za Marekani, zinatosha?

Hazitoshi. Lugha ya Alama ya Tanzania ina alama zake na sarufi yake, na sehemu ya sarufi hiyo iko usoni, si mikononi tu. Nendeni Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kabla hamjaandika hata mstari mmoja wa programu, na muwaombe viziwi wawe wabunifu wenzenu tangu mwanzo. Mkiwaita mwishoni kujaribu tu, makosa makubwa yatakuwa yamekwisha kujengwa ndani.