Ufuo kuliwa na bahari na mchanga kuhama kwa msimu
Umeuliza wanasayansi wanajuaje kwamba ufuo unaliwa na bahari kweli, na si mchanga unaohama kwa msimu tu. Jibu liko katika muda wa kupima. Mawimbi makali ya dhoruba huuchota mchanga na kuulaza chini ya maji karibu na pwani, kisha mawimbi ya utulivu huurudisha polepole, kwa hiyo picha mbili za miezi tofauti hazithibitishi lolote. Ndiyo maana watafiti hupima mwinuko wa ufuo kwenye mstari uleule mwaka baada ya mwaka, na kuulinganisha na picha za setilaiti za Landsat, zilizoanza kupigwa mwaka 1972. Wakati mwingine chanzo hukutwa mbali na bahari, kwa kuwa bwawa la mtoni huzuia mchanga uliokuwa ukiilisha pwani. Kwa maoni yangu, nyasi za baharini hazipaswi kusahauliwa kamwe: mizizi yake hushika tope, na ukiona majani yake yamefunikwa na utando mzito wa mwani, mara nyingi ni dalili kwamba maji taka au mbolea vinaingia baharini; zikifa kwa kukosa mwanga, tope hilo hubaki wazi na mawimbi hulichukua.