Kaa wa kuoka: sifa anachukua nani?

Mmeuliza wiki hii, mgeni akija umpikie cha kujionyesha au ulichozoea? Mi nasema ulichozoea. Nimelelewa kwa shangazi Kigamboni, na chake cha kujionyesha kilikuwa kaa wa kuoka, yule anarudishwa kwenye gamba lake na siagi, tui zito, jibini na chenga za mkate juu.

Mezani watu wanasema aisee! Jikoni hawafiki. Wale kaa wa mikoko unawatoa Feri, soko la samaki la Dar, wazima, magando yamefungwa kamba, kwenye panton ya kuvukia Kigamboni wanatoa povu kapuni abiria wanakukwepa. Ukishawachemsha wakawa wekundu ndo kazi inaanza, mapafu unatupa, mafuta ya njano unatunza, magando unapasua kwa mchi taratibu maana ukipiga kwa hasira gamba linasagikia kwenye nyama, mgeni atafune kitu kilie kah! Sisi watoto tulikaa mkekani na vijiti vya mishikaki tunachokonoa mguu mmoja mmoja, kaa kapu zima nyama bakuli.

Kuna siku walikuja watu wa kazini kwa mjomba, umeme ukakatika, oveni hiyo kimya. Shangazi wala hakubabaika. Sufuria pana, mchanga chini, magamba juu yake, mfuniko, makaa kidogo chini na mengi juu ya mfuniko, kila mara anafunua kwa kitambaa anachungulia mpaka zile chenga zikapata rangi ya kahawia na jibini linachemka pembeni, nakwambia majirani walikuja kuazima chumvi ambayo hawakuihitaji. Ikafika mezani, bosi mwenyewe akasema samahani mama, mimi Msabato. Akala wali na kachumbari. Wenzake wakagawana gamba lake, "mama una mkono!", na sie tuko uani vidole vimechanika vinawasha ndimu, hakuna aliyeuliza.

Ila naandika hapa mate yananijaa, na kusema kweli wale wageni mpaka leo wakimwona mjomba wanaulizia kaa, pilau tuliyoizoea hakuna anayeitaja. Basi pikeni. Wageni wasizidi wanne, na uliza kwanza, maana sio Wasabato tu, hata baadhi ya Waislamu huku pwani kaa hawali. Wachokonoaji nao wakae mezani, wapewe gamba zima sio makombo. Na pale Feri mbonyeze kaa tumboni kabla hujalipa, akibonyea huyo maji matupu, mwachie mwenyewe.