Jibu: Akisomea upimaji wa mionzi ataajiriwa wapi?

Dada, umeuliza kama bintiyo akisomea upimaji wa mionzi ataishia chumba cha eksirei tu. La hasha. Ujuzi ni uleule wa kunasa kisichoonekana kwa macho, kinachobadilika ni anachokitafuta.

Wanaosaka maada ya giza, yaani maada isiyoonekana inayodhaniwa kujaa ulimwenguni, kule South Dakota, Marekani, wamejichimbia kama kilomita 1.5 chini ya ardhi, kwenye mgodi wa zamani wa dhahabu, na tangi lenye tani 10 za zenoni, gesi iliyopoozwa hadi ikawa kimiminika. Chembe ikigonga atomu ya zenoni hutoka mmweko hafifu, vihisio vikaudaka. Kibarua hasa ni kutenganisha mmweko huo na mionzi ya kawaida, maana hata vifaa wanavyojengea hupimwa kwanza visije vikatoa mionzi yake. Maada yenyewe bado haijanaswa, tusidanganyane.

Na asione ni mambo ya ng'ambo. Uhuru, setilaiti ya kwanza mahususi kwa eksirei za angani, ilirushwa kutoka jukwaa la baharini hapa kwetu Ngomeni, pwani ya Kenya, tarehe 12 Desemba 1970! Kwa masomo, Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi ya sayansi ya nyuklia. Ila hisabati akaze kwelikweli, na kuandika programu aanze sasa.