Laptopu yangu, msimamizi fundi

Nilinunua laptopu ya mtumba Kariakoo. Inawaka vizuri, kioo hakina mchubuko, bei tumeelewana. Nimefika nyumbani, nimechomeka printa niweke programu yake, skrini ikafifia na kiboksi kikatokea: weka nywila ya msimamizi. Juu ya nafasi ya kuandikia palikuwa na jina la akaunti, FUNDI. Mimi niliandikishwa kama MTEJA.

Nikampigia fundi aliyeniuzia. "Kaka, jaribu moja mbili tatu nne." Ikakataa. "Basi jaribu jina la duka." Ikakataa pia. Akacheka, akasema mashine zinapita nyingi mikononi mwake.

Sasa wewe usifike huko. Kabla hujatoa hela, hapohapo kaunta, fungua mipangilio ya Windows, ingia kwenye akaunti, utazame chini ya jina lako. Kama hapajaandikwa Administrator, yaani msimamizi, umepewa akaunti ya kawaida: utaandika barua na kuangalia mpira, ila kuweka programu nyingi utamwomba mwenye nywila. Mwambie akubadilishie mbele yako. Ni kazi ya dakika mbili.

Ukishakwama kama mimi, achana na flashi za kuvunjia nywila. Kijana wa jirani aliniletea yake, "inafungua kila kitu". Nilimshukuru nikamrudishia, maana sikujua ndani yake mna nini kingine.

Nilichofanya ni kuhamishia faili zangu kwenye diski ya nje, nikachomeka chaja, nikashikilia Shift huku nabonyeza kuwasha upya. Ikaja skrini ya buluu, nikachagua kurudisha mashine upya na kufuta kila kitu. Ukichagua kubakiza faili, itakudai nywila ileile ya fundi. Mashine nyingine zinadai ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski, wenye tarakimu 48. Huo mdai muuzaji. Na kama baada ya kufuta mashine inakuuliza akaunti ya kampuni au chuo usichokijua, irudishe dukani siku hiyohiyo. Hiyo bado inasimamiwa na wenyewe, na pengine hata muuzaji hajui ilikotoka.

Yangu ilimaliza usiku. Akaunti ya kwanza unayofungua inapewa usimamizi yenyewe, kwa hiyo nikaiita MSIMAMIZI, nywila nikaiandika kwenye daftari la kabatini. Halafu nikafungua ya pili, ya kawaida, na hiyo ndiyo ninayotumia kila siku. Jamaa zangu wananishangaa: umehangaika kupata usimamizi, kisha unaukimbia? Lakini programu ya ovyo ikitaka kujipachika kwenye mashine nzima, inakutana na kiboksi kilekile kilichonikwamisha mimi.

Juzi mwanangu kaita kutoka sebuleni, "Baba, inataka nywila!" Nikamuuliza inataka kuweka nini. Kimya. Nilipofika alikuwa ameshafunga ukurasa.