Kwa mtoa mada aliyeuliza tulitongozana vipi bila simu

Mwanangu mtoa mada, umeuliza mambo mawili: kabla ya simu watu wa Dar waliwasilianaje mpaka wakaoana, na mtu wa mshahara wa kiwandani aliwezaje kwenda dansini kila mwisho wa wiki. Nimesoma michango yote. Vijana mmejitahidi, ila wengi mnasimulia mliyosikia kwa baba zenu, na baba zenu mie nawajua, wanaficha mengi. Kuna mmoja kaandika eti wanawake wa zamani walikuwa watulivu, wakisemeshwa na mwanamume wanainamisha macho. Nimecheka mpaka mjukuu kaja kuuliza kulikoni. Sasa ngoja niseme mie niliyekuwepo.

Nilianza kazi Urafiki, kile kiwanda cha nguo cha Ubungo, mwaka 1976, nikiwa na miaka 19. Kilijengwa kwa msaada wa Wachina na kilikuwa kinafanya kazi tangu 1968. Pamba inaingia huku, inasokotwa nyuzi, inafumwa, inatiwa rangi na kuchapwa, kule mwisho inatoka doti ya kitenge. Mie nilikuwa kwenye kufuma. Kama hujasimama katikati ya mashine za kufuma zikigonga zote kwa pamoja, wewe kelele huzijui. Hiyo singeli mnayolalamikiwa na majirani ni bembelezo la mtoto. Vumbi la pamba linakukaa kwenye kope na nywele, unatoka zamu una mvi kama bibi, ukishapiga maji bombani unarudi kuwa msichana.

Mle ndani sauti haina kazi, upige ukelele namna gani jirani yako hasikii. Kwa hiyo tuliongea kwa midomo na mikono. Uzi umekatika, unafanya vidole viwili kama mkasi. Msimamizi anakuja, unagusa bega lako mara mbili. Mengine yote, nani kaachwa, nani kanunuliwa viatu na nani, nani tumbo limeanza kuonekana, yalipita kwa midomo tu, mashine hadi mashine. Mwaka haukuisha nikawa nasoma midomo ya mtu aliye hatua 20 kama ninyi mnavyosoma meseji. Wanaume wa nje hawakujua kama tuna elimu hiyo, nasi hatukuona sababu ya kuwatangazia.

La pesa nalijibu haraka kwa sababu halina siri kubwa. Nilikaa Magomeni kwa shangazi, chumba silipi, ila nachangia chakula. Tulikuwa na upatu wa watu kumi. Na gauni la dansini tulikuwa nalo moja, wasichana watatu wa zamu moja. La kijani, limeshonwa na fundi wa barazani Kariakoo. Kama kazini kulivyokuwa na zamu, gauni nalo lilikuwa na zamu. Wiki hii linavaliwa na huyu, wawili waliobaki wanatinga vitenge. Viatu vya raizoni navyo vilikuwa jozi moja, na mie mwenye mguu mdogo nilijaza magazeti mbele. Ukumbini unalipa kiingilio, unanunua Fanta moja, unaikalia mpaka inakuwa moto kama uji. Kurudi, basi hakuna. Tunavua viatu, tunatembea kundi zima kwa Barabara ya Morogoro, Manzese mpaka Magomeni, tunaimba. Hayo ndiyo matumizi yetu.

Bendi zenyewe zilikuwa nyingi kwa sababu zilikuwa na wenyewe. Juwata ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na kabla ya hapo iliitwa NUTA Jazz. Umoja wa Vijana walikuwa na Vijana Jazz, Bima wana yao, polisi wana yao, jeshi wana yao. Mwanamuziki ni mwajiriwa, ana mshahara mwisho wa mwezi kama karani. Sisi wenyewe kiwandani tulikuwa na Urafiki Jazz, ya Juma Mrisho aliyejulikana kama Ngulimba wa Ngulimba. Halafu 1978 ikaja Mlimani Park, na mwimbaji Gurumo akatoka Juwata akaenda huko, basi kukazaliwa ule ubishi wa Msondo, yaani Juwata, na Sikinde, yaani Mlimani Park, ambao mpaka leo kuna wazee hawasalimiani kwa ajili yake. Msimamo wangu kama mnautaka: Sikinde wa kusikiliza, Maquis wa kucheza. Msondo watanisamehe.

Maquis du Zaire, hao Wakongo, walikuwa wanapiga White House, hapohapo Ubungo, karibu na kiwandani kwetu. Mtindo wao ulikuwa Kamanyola, wakajisifu kuwa ni Kamanyola bila jasho. Jasho lilikuwepo, msidanganywe.

Siku moja mwaka 1980 ilikuwa zamu yangu ya gauni. Rumba imeisha, bendi imeingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi, matarumbeta yanalia mpaka chupa zinatetemeka mezani. Meza ya pili kulikuwa na vijana wawili, mmoja kavaa shati la kola pana, suruali bugaluu inafagia sakafu. Nacheza na mwenzangu, mara namwona yule wa shati ananiangalia halafu anamgeukia rafiki yake. Kwa kelele ile hata rafiki yake alilazimika kusogeza sikio. Mie nilisoma kila neno. Alisema: "Yule wa gauni la kijani anacheza kama anasukuma mkokoteni."

Kha! Nikamaliza wimbo wangu taratibu. Bendi ilipotulia nikaenda mpaka mezani kwao, nikasimama mbele yake. "Habari zenu kaka zangu. Mkokoteni umefika. Mna mzigo gani wa kupakia?"

Yule bwana alipaliwa na bia ikamtokea puani. Akamwangalia rafiki yake, rafiki akaapa kwa Mungu hajamwambia mtu. Akaniangalia mie, akaangalia umbali kutoka pale nilipokuwa nacheza, akaona hesabu haikubali. Nikarudi kwenye Fanta yangu. Wimbo uliofuata akaja kuniomba kucheza, kwa adabu zote, mikono nyuma kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Kwa hiyo yule ndugu wa kuinamisha macho, jibu lako ndilo hilo.

Sasa mawasiliano. Yeye alikuwa karani wa bandarini, naye anaingia kwa zamu. Wiki mie niko usiku yeye yuko mchana, wiki mie niko mchana yeye kalala. Simu ya ofisini ipo, lakini utaipigaje kumtafuta mfumaji? Posta barua ya kutoka Ilala kwenda Magomeni inachukua siku kadhaa, kwa miguu ungefika mara ngapi! Tulichokuwa nacho ni watu. Kulikuwa na mama muuza vitumbua karibu na kituo cha basi, tunamwita mama tu, na huyo ndiye alikuwa mtambo wetu. Unanunua vitumbua viwili unamwambia, "Mama, akipita yule wa bandarini mwambie Jumapili hapana, Jumatano ndiyo." Anatunza jumbe za watu 20 kichwani na hazichanganyi. Ubaya wake ni mmoja, anaongezea maoni. "Kasema Jumatano, ila kwa jinsi alivyonuna, mie ningekuwa wewe ningekuja na zawadi."

Kadi za salamu za redioni pia tulituma, maana redio ilikuwa moja tu, Radio Tanzania, mtaa mzima unasikia kitu kimoja. Yake ilisomwa baada ya miezi mitatu, siku ambayo tumegombana hatusemeshani. Mtangazaji anasoma jina langu kwa sauti ya upole, mie uani nafua kwa hasira, majirani wote wananipigia vigelegele.

Na msinitajie khanga zenye maneno. Khanga zenyewe tungezipata wapi? Baada ya Vita ya Kagera vitu viliadimika, mjini palikauka. Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Tulikula unga wa njano kutoka Marekani, watu wakauita yanga, na shangazi yangu ambaye ni Simba damudamu alikuwa anasonga ugali huku kanuna. Sukari ikisikika inakuja duka la mgawo, foleni inaanza usiku uleule. Na kwa kuwa mtu huwezi kulala nje kila siku, unaweka jiwe. Jiwe lako ndiyo wewe. Asubuhi kila mtu anakuja kusimama penye jiwe lake, na anayehamisha jiwe la mwenzake anapelekwa kwa balozi wa nyumba kumi kama mwizi wa kuku.

Shangazi alikuwa mgumu. Habari za dansi hakutaka kuzisikia, na kijana wa dansini ndiyo kabisa. Yule bwana hakuniletea maua wala hakuja kujitambulisha. Wiki moja niko zamu ya usiku, mama wa vitumbua akamwambia kesho Magomeni kuna sukari. Akatoka Ilala kwa miguu, akapita Kigogo, akafika kwenye foleni usiku wa manane, akaweka jiwe. Jiwe hilo aliliandika kwa mkaa, na hakuandika jina langu. Aliandika herufi ya kwanza ya jina la shangazi, akakaa kulilinda mpaka alfajiri, halafu akaondoka kwenda kazini.

Nilivyorudi asubuhi na vumbi langu la pamba kichwani, nikamkuta shangazi kakaa kibarazani na kilo ya sukari mapajani kama kabeba mtoto. Alikuwa mtu wa nne kwenye foleni.

"Nani kaniwekea jiwe?"

Nikanyamaza.

"Nakuuliza wewe, jiwe nani kaweka?"

"Kuna mtu wa bandarini, shangazi."

"Kwao wapi?"

"Rufiji."

"Mh. Watu wa mamba hao." Akainuka na sukari yake, akafika mlangoni akageuka. "Mwambie Alhamisi wanaleta mafuta ya kupikia."

Barua ya posa ilikuja na mshenga, imefungwa kwenye leso na fedha yake ndani, mambo ya kawaida, sitawachosha. Tulioana Jumamosi moja ya mwaka 1982. Enzi hizo kwa shida ya petroli magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Wageni wa Rufiji walichelewa kuondoka, wakakaa mpaka Jumanne, wakamaliza sukari yote iliyowekewa mawe.

Siri ya midomo nilimwambia tuna mtoto wa pili. Miaka yote hiyo alikuwa anaamini rafiki yake ndiye aliyemchoma, na kumbe walishakosana kwa hilo muda mrefu. Kesho yake alikwenda Temeke na kuku mkononi kuomba radhi.

Sasa masikio yake yamekufa. Kifaa cha kusikilizia kipo kwenye kabati, anasema kinampigia filimbi. Watoto wakija wanampigia kelele mpaka mtaa unadhani tunagombana. Mie simpigii kelele. Nilimfundisha kusoma midomo kabla masikio hayajafa kabisa, na siku hizi tunaongea tukiwa tumekaa kimya kibarazani, wapita njia wanadhani wazee wamenuniana.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye harusi Tabata. Spika zimepangwa ukuta mzima, singeli inapigwa, vijana wanaongea kwa kupigiana kelele masikioni, hawasikilizani. Sisi tuko chini ya turubai kwenye viti vya plastiki, tunapiga soga zetu bila shida. Bwana harusi akaingia uwanjani. Mzee akamtazama, akanigeukia, akasema kwa midomo: "Anacheza kama anasukuma mkokoteni."

Kabla sijamjibu, meza ya tatu mama mmoja mtu mzima mwenye ushungi mweupe akaangua kicheko. Simjui, sijawahi kumwona. Akanitazama moja kwa moja, akagusa bega lake mara mbili.