Je, Mahindi Mabichi Huleta Malaria?

SWALI: Mhariri, mama mkwe wangu, anayeishi Ahero, ameshikilia kwamba malaria huletwa na mahindi mabichi na kunyeshewa. Husema ameliona jambo hilo kwa macho yake kila mwaka, na hata mimi, niliyefundishwa shuleni habari za mbu, nikimwona mtoto akishikwa na homa siku mbili baada ya kula hindi la kuchoma, moyo wangu humsadiki. Nimjibu nini bila kumvunjia heshima?
Mama wa watoto wawili, Kisumu

JIBU: Dada yangu, mama hakudanganywa na macho yake. Mvua za masika zinazostawisha mahindi ndizo zinazojaza madimbwi ambamo mbu huzaliana, kwa hiyo mahindi mabichi na homa huingia kijijini pamoja. Linalomponza zaidi ni muda. Vimelea vya malaria vikishaingizwa mwilini na mbu hukaa kwanza katika ini, na kwa kawaida homa huanza baada ya siku 10 hadi 15. Nani atamkumbuka mbu wa majuma mawili yaliyopita, ilhali hindi la juzi bado analo kwenye meno?

Wazungu nao kwa karne nyingi waliamini kuwa malaria hutoka katika hewa mbovu ya vinamasi, kwani kweli waliokaa karibu na vinamasi ndio walioumwa. Mwaka 1900 madaktari Louis Sambon na George Low walilala msimu mzima wa malaria katika kibanda chenye nyavu za kuzuia mbu karibu na Ostia, nchini Italia, wakiivuta hewa hiyo hiyo usiku kucha, wasiugue. Mwaka huo huo mwana wa daktari Patrick Manson, akiwa London, aliumwa kwa hiari na mbu walioletwa kutoka Roma, akapata malaria.

Nanyi ushahidi mnao karibu. Nakuru, mji ulio mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, mahindi huchomwa kando ya barabara na watu hunyeshewa vilevile, lakini malaria ni haba, kwa kuwa baridi huchelewesha kukua kwa vimelea ndani ya mbu. Usibishane na mama kuhusu alichokiona. Mwombe tu akutajie wajukuu waliokula mahindi yale yale wasipate homa, maana hao hakuna anayewakumbuka. Na mtoto akishikwa na homa, apimwe damu siku hiyo hiyo, hata kama hajaonja hindi, kwa sababu imani hii hudhuru hasa pale mzazi anapoingoja "homa ya mvua" iishe yenyewe.